Masters 1997, US Open 2000 au The Open 2000: ushindi upi wa Tiger Woods wa kujifunzia gofu?

Mchezaji wa gofu wa kawaida anayetaka kukaa na rekodi ya video ya shindano moja la kulipwa, daftari mkononi, mara nyingi huchagua kwa kuangalia pengo: aliyewaacha wenzake mbali zaidi ndiye mwalimu. Kwa kipimo hicho hakuna mjadala. US Open ya mwaka 2000 pale Pebble Beach, Tiger Woods alishinda kwa mikwaju 15, pengo kubwa kuliko yote katika historia ya mashindano makubwa manne. Rekodi ya awali ilikuwa mikwaju 13 ya Old Tom Morris, na ilidumu tangu 1862.

Ila pengo hueleza jinsi wengine walivyoachwa tu. Halisemi ni kiasi gani cha alichofanya mshindi unaweza kukichukua ukaenda nacho kwenye uwanja wako Jumamosi ijayo. Kwa kipimo hiki cha pili mpangilio unageuka kabisa, na ndicho tunachokitumia hapa kulinganisha ushindi wake wa mara tatu. Kwenye jedwali, pari ni idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa shimo au kwa uwanja mzima.

| | Masters 1997 | US Open 2000 | The Open 2000 |
|---|---|---|---|
| Uwanja | Augusta National, Georgia | Pebble Beach, California | Old Course, St Andrews, Uskoti |
| Tarehe | 10–13 Aprili | 15–18 Juni | 20–23 Julai |
| Urefu | yadi 6,925, pari 72 | yadi 6,846, pari 71 | yadi 7,115, pari 72 |
| Mizunguko | 70, 66, 65, 69 | 65, 69, 71, 67 | 67, 66, 67, 69 |
| Jumla | 270 (18 chini ya pari) | 272 (12 chini ya pari) | 269 (19 chini ya pari) |
| Uongozi kabla ya siku ya mwisho | 9 | 10 | 6 |
| Pengo la ushindi | 12 | 15 | 8 |
| Aliyefuata | Tom Kite | Ernie Els na Miguel Ángel Jiménez | Ernie Els na Thomas Bjørn |

Jibu fupi kwa asiye na muda: kama handikepu yako (takriban mikwaju unayozidi pari kwa mzunguko) inazidi 10, anza na The Open ya St Andrews. Kama unafika karibu na grini (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo) bila shida lakini kadi yako inaharibika hapo, anza na Pebble Beach. Augusta 1997 ni ya mtu mwenye urefu wa mkwaju ambaye hajui auweke wapi, au anayevurugika akianza vibaya.

Augusta 1997

Woods alikuwa na miaka 21 na alikuwa akipiga draiva, fimbo ya mikwaju mirefu zaidi, kwa wastani wa yadi 323 hivi wiki ile, mbali kuliko mchezaji mwingine yeyote uwanjani. Augusta ya wakati huo karibu haikuwa na rafu (nyasi ndefu za pembeni) kabisa, na mashimo ya pari 5 ya kipande cha pili (mashimo tisa ya mwisho) yalikuwa mafupi kwake: la 13 lilikuwa yadi 485 na la 15 yadi 500. Siku ya kwanza, kwenye shimo la 15, alibaki na weji (fimbo ya mikwaju mifupi) kwa mkwaju wa pili, akamaliza kwa igo, yaani mikwaju miwili chini ya pari. Hilo huwezi kulinakili. Ukitazama rekodi hii kwa ajili ya draiva yake, utaondoka na hamu ya kupiga kwa nguvu na hakuna kingine.

Somo lenyewe liko Alhamisi, na liko kwenye kadi zaidi kuliko kwenye picha. Mashimo tisa ya kwanza aliyamaliza kwa mikwaju 40, akiwa na bogi (mkwaju mmoja juu ya pari) kwenye la 1, la 4, la 8 na la 9. Mashimo tisa yaliyofuata alipiga 30: bedi nne (mkwaju mmoja chini ya pari kila moja) na ile igo ya 15. Kilichobadilika kati ya grini ya 9 na tii (mahali pa kuanzia shimo) ya 10 ni kimoja tu. Aliona kwamba anarudisha fimbo nyuma kupita kiasi, akaamua kufupisha safari ya nyuma. Akaanza kujaribu hisia hiyo kwa aironi (fimbo ya chuma) namba 2 kwenye tii ya 10, si kwa draiva.

Mambo mawili hapo yanafaa kunakiliwa. La kwanza ni kwamba alirekebisha kitu kimoja. Wachezaji wengi wakipata bogi nne hubadilisha mshiko, mwelekeo na kasi kwa pamoja, na kwa hiyo hata mpira ukienda sawa hawajui ni kipi kilichosaidia. La pili ni fimbo aliyoichagua kwa jaribio. Fimbo fupi kuliko draiva inasamehe zaidi na inakupa jibu la haraka kama hisia mpya inafanya kazi. Fimbo ikipita mlalo kule juu, mikono huachana na mwendo wa mwili na uso wa fimbo hufika kwenye mpira kwa bahati tu. Kufupisha hupunguza yadi chache na huifanya fimbo ifike kwenye mpira kwa wakati wake.

Jambo jingine la wiki ile ni kupati, yaani kuubingirisha mpira kwenye grini kuelekea shimoni. Kwa mashimo yote 72 hakupati mara tatu hata kwenye grini moja, na grini za Augusta zina miteremko mikali. Kila anapokaribia grini, tazama mpira unatua upande gani wa shimo. Pati ya yadi nane ya kupanda ni rahisi kuliko ya yadi tatu inayoteremka, kwa sababu inayoteremka ikikosa haisimami.

Kasoro ya rekodi hii ni mbili. Hadi 2002 matangazo ya Masters hayakuonyesha mzunguko wa mwisho wa viongozi kwa mashimo yote 18, hivyo usitarajie kuuona mchezo mzima tangu tii ya kwanza. Pia uwanja wenyewe si ule tena. Rafu fupi iliongezwa 1999, na kufikia Masters ya 2002 urefu ulikuwa yadi 7,270. Jumla ya 270 ilifikiwa na Jordan Spieth mwaka 2015 na kuvunjwa na Dustin Johnson kwa 268 mwaka 2020, lakini kwa mbinu tofauti na hizi.

Pebble Beach 2000

Huu ndio ushindi mkubwa zaidi wa gofu uliowahi kuchezwa, na tunausema bila kusita. Woods peke yake ndiye aliyemaliza chini ya pari. Els na Jiménez, walioshika nafasi ya pili pamoja, walikuwa 3 juu ya pari. Wachezaji wale walikuwa wazuri; uwanja ndio uliowatafuna.

Grini za Pebble Beach ni ndogo mno, wastani wa futi za mraba 3,500 hivi, kwa hiyo hata mpigaji bora huzikosa. Nyasi zake, za aina iitwayo poa, hukua kwa kasi isiyo sawa, na kufikia alasiri mpira huruka-ruka juu yake. Jioni ya kabla ya mashindano kuanza, Woods hakuridhika na jinsi mpira ulivyoondoka kwenye fimbo yake ya kupati, akatumia muda mrefu kwenye grini ya mazoezi hadi akapata hisia aliyoitaka. Kesho yake alipiga 65. Kama ilivyokuwa Augusta, wiki nzima ilipita bila kupati mara tatu hata mara moja. Tazama pati zake za futi nne hadi nane: anazipiga kwa uthabiti wa kutosha kuupitisha mpira juu ya mabonde madogo, na ikikosa huvuka shimo kwa futi moja au mbili. Anayepati kwa woga kwenye nyasi za aina hii huona mpira ukipinda sentimita chache kabla ya kufika, kisha analaumu macho yake.

Mzunguko wa kutazama kwa makini zaidi ni wa Jumamosi alasiri, ule wa 71. Kwenye shimo la 3, la pari 4, mpira wake ulikwama kwenye rafu nzito karibu na banka (kizuizi cha mchanga), akatumia mikwaju 7. Mikwaju mitatu juu ya pari kwa shimo moja, akiwa anaongoza shindano kubwa kuliko yote ya nchi yake. Na bado siku hiyohiyo uongozi wake ulipanda kutoka 6 hadi 10. Angalia mashimo yanayofuata: hakuna mahali anapojaribu kurudisha mikwaju ile mitatu kwa mpigo mmoja. Kwa mtu anayeharibu kadi nzima kwa sababu ya shimo moja, sijui kipande kingine cha video ya gofu chenye faida kuliko hiki.

Jumapili alianza na pari tisa mfululizo, kisha bedi kwenye la 10, la 12, la 13 na la 14. Hakuwa na bogi hata moja. Kwenye la 16, akiwa ameshashinda kwa kila hesabu, alipambana kuokoa pari kwa pati ndefu na kushangilia ilipoingia.

Sasa hatari ya rekodi hii. Ijumaa, kwenye shimo la 6 la pari 5, mpira wake ulilala kwenye rafu nzito upande wa kulia, na mbele yake kulikuwa na ukingo mrefu na bahari pembeni. Alichukua aironi namba 7 na kuupandisha mpira mlima hadi kwenye grini. Kipande hiki huonyeshwa kuliko vyote, na ndicho kinachowapoteza watazamaji. Nyasi ndefu huzunguka shingo ya fimbo, hufunga uso wake na kuupeleka mpira kushoto, na kasi ya Woods ndiyo iliyozuia hilo. Kwa kasi ya mchezaji wa kawaida, uamuzi sahihi mpira ukilala vile ni weji ya kurudi kwenye feawei, ile njia ya nyasi fupi.

Kuna tukio jingine, dogo lakini lenye kufundisha. Ukungu ulichelewesha mashindano, na Woods alimalizia mzunguko wa pili Jumamosi asubuhi. Kwenye tii ya 18 alipiga mpira baharini. Usiku alikuwa ametoa mipira kwenye begi ili afanye mazoezi ya kupati hotelini, na kedi (mbeba fimbo) wake Steve Williams alijua kwamba mpira uliofuata ndio uliokuwa wa mwisho. Williams alitaka Woods apige aironi. Woods akashika draiva tena, akamaliza kwa bogi. Kwenye mashindano ya kulipwa mchezaji hufungwa na mpira wa aina moja mzunguko mzima, hivyo kuazima wowote si njia. Kwako wewe: hesabu mipira kabla ya tii ya kwanza.

St Andrews 2000

Mwezi mmoja baadaye pengo lilishuka hadi mikwaju 8, na labda ndiyo sababu wengi huiweka rekodi hii ya tatu. Kwa mtu anayetaka kujifunza ni ya kwanza. Old Course ina mabanka 112, na kwa mashimo 72 Woods hakuingia hata kwenye moja. Kuna bahati ndani yake, kwa kuwa mpira kwenye uwanja wa linksi (wa pwani, wenye ardhi ya mchanga) hubingirika hadi usipopataka. Lakini sehemu kubwa ilikuwa ni kuchagua fimbo na upande, na kuchagua hakuhitaji misuli.

Mabanka ya pale ni madogo, yenye kina, na kuta zake zimejengwa kwa matabaka ya udongo wa nyasi. Mara nyingi njia pekee ya kutoka ni pembeni au nyuma, kwa hiyo kuingia ni kupoteza mkwaju mmoja papo hapo. Ukiingia mara tatu kwa mzunguko, umeshapoteza mitatu kabla hatujazungumzia ubora wa mchezo wako. Jumapili ile David Duval, aliyecheza na Woods, alipunguza pengo hadi mikwaju 3 katika mashimo ya mwanzo. Baadaye, kwenye la 17, aliingia kwenye banka lililo mbele ya grini, akahitaji mikwaju minne kutoka, akaandika 8 kwenye shimo la pari 4. Kipande chake cha pili alikimaliza kwa 43.

Kila shimo lina swali lilelile pale tii: banka lile nilivuke, nisilifikie, au nilipitie kando? Woods alivuka pale ambapo urefu wake ulimpa nafasi ya ziada, na alipokosa nafasi hiyo alishuka hadi fimbo ya mbao au aironi ndefu. Upande wa kushoto wa Old Course kwa kawaida ndio salama, kwa sababu mashimo ya kwenda na ya kurudi yanashirikiana feawei. Usalama huo una gharama: kutoka kushoto pembe ya kuingia grini huwa mbaya, na unabaki na pati ndefu. Kwenye la 14, la pari 5, wachezaji wengi hupeleka mpira kwenye feawei ya shimo la 5 ili kukwepa banka liitwalo Hell. Njia ndefu, kadi safi.

Gharama ile ya pati ndefu aliilipa bila kulalamika. Grini saba kati ya zile za Old Course hutumiwa na mashimo mawili kila moja, na ni kubwa kiasi kwamba unaweza kuwa juu ya grini na bado uko yadi 30 kutoka kwenye shimo. Usitazame zilizoingia. Tazama pati ya kwanza inasimama wapi, na utaona nyingi zinabaki umbali wa hatua moja. Tazama pia jinsi wachezaji wanavyotumia fimbo ya kupati wakiwa nje ya grini. Ardhi ikiwa kavu na nyasi zikiwa fupi, pati mbaya kutoka yadi 15 nje hukaa karibu kuliko weji mbaya.

Hili la mabanka unaweza kulifanya kwa kalamu kabla hujafika uwanjani:

Chukua kadi ya uwanja wako na kwa kila banka la feawei andika namba mbili kutoka kwenye tii unayoitumia: yadi za kufika ukingo wa mbele, na yadi za kuvuka ukingo wa nyuma. Kisha andika namba zako: draiva yako inaruka yadi ngapi angani, kuanzia mpira wako hafifu hadi mzuri. Tuseme ni 190 hadi 220, na banka linaanza 200 na kuisha 225. Draiva haimo, hata siku unayojisikia vizuri. Chagua fimbo ambayo mpira wake mrefu kabisa, pamoja na kubingirika, unaishia 195.

Makosa yanayoharibu hesabu hii ni mawili. Moja ni kutumia mpira bora uliowahi kupiga maishani kama kipimo. Jingine ni kuchanganya kuruka na kubingirika: kwa kuvuka banka hesabu kuruka peke yake, kwa kutolifikia hesabu kuruka na kubingirika kwa pamoja. Ardhi kavu inaweza kuongeza yadi 15 hadi 30, na hapo ndipo fimbo iliyokuwa salama wiki iliyopita inakutia mchangani.

Swingi na mpira: 1997 si 2000

Kama lengo lako ni kunakili umbo la swingi (mwendo wa kuzungusha fimbo), acha 1997. Baada ya ushindi ule Woods na kocha wake Butch Harmon waliijenga upya, kwa sababu uso wa fimbo ulikuwa umefungwa kule juu na alitegemea kasi ya mikono kuurudisha sawa. Swingi ya 2000 ni fupi, imetulia, na inaonyesha mwili ukiongoza.

Mpira nao ulikuwa tofauti. Mei 2000 alihamia Nike Tour Accuracy, mpira wenye kiini kigumu, wakati wachezaji wengi wa kulipwa walikuwa bado na ile ya nyuzi za mpira zilizozungushwa. Mpira wa kiini kigumu huzunguka kidogo ukipigwa na fimbo ndefu, hivyo upepo haukuuinua na kuusimamisha. Katika viwanja viwili vya kando ya bahari hilo lina uzito, na haliondoi lolote kwenye ustadi wake. Ukiona aironi zake zikipenya upepo, kumbuka kwamba leo mpira wa aina hiyo unao hata wewe begini.

Namna ya kutazama

Usitazame siku nne mfululizo. Chukua mzunguko mmoja, na kwa kila shimo andika mambo manne: fimbo ya tii, upande ambao mpira ungekosea bila madhara, umbali wa pati ya kwanza, na kama pati hiyo ilipanda au iliteremka. Kabla hajapiga, simamisha picha na uandike fimbo ambayo wewe ungeichukua. Tofauti kati ya safu yako na yake ndiyo orodha yako ya mazoezi.

Kwa St Andrews anza na Jumapili, kwa kuwa una Duval wa kumlinganisha naye kwenye mashimo yaleyale. Kwa Pebble Beach anza na Jumamosi alasiri. Kwa Augusta weka kadi ya Alhamisi mezani na utazame mzunguko wa Jumamosi, ule wa 65, aliocheza na Colin Montgomerie, aliyepiga 74.

Mwenye handikepu chini ya 5 anaweza kugeuza mpangilio huu na kuanza na Pebble Beach. Kwake mabanka ya tii si tatizo kubwa tena, na mikwaju iliyobaki kupunguzwa iko ndani ya yadi 30 kutoka kwenye grini.